UZI: Saa 168 za wiki zinakwenda wapi? Kukomboa wakati kwa Mkristo wa Malindi

MzeeWaKanisa_Barani aliandika:

Bwana asifiwe wana Malindi. Waefeso 5:15-16 ("mkiukomboa wakati kwa maana zamani hizi ni za uovu") husomwa sana siku za semina, halafu semina yenyewe huanza saa mbili baada ya muda uliotangazwa. Basi mahubiri tuyaweke kando kidogo, tupige hesabu.

Wiki ina saa 168. Mchukue mtu wa kawaida, muuzaji wa duka mjini anayekaa Muyeye au Maweni, kazi siku sita:

kulala saa 7 kila usiku = 49
kazi saa 9 kwa siku 6 = 54
njiani saa 1 na nusu kwa siku 6 = 9
kuoga, kupika, kula, kufua, kuteka maji, saa 2 na nusu kila siku = 17 na nusu
ibada ya Jumapili, safari na salamu za nje ya kanisa = 5

Jumla 134 na nusu. Zinabaki 33 na nusu, karibu saa 5 kwa siku. Na huyu ndiye anayesema hana hata nusu saa ya kusoma Neno.

Kabla ya kupanga lolote, pima kwanza. Daftari la kurasa 32 linatosha. Kila siku ukurasa mmoja, kila saa mstari mmoja, kwa siku saba. Andika mara tatu kwa siku: adhuhuri, magharibi na kabla ya kulala. Usingoje usiku uandike yote kwa mpigo, maana usiku mtu huandika siku ilivyopaswa kuwa. Usikate vipande vidogo kuliko nusu saa, utachoka kesho yake. Na usichague wiki ya shule kufunguliwa au ya mwisho wa mwezi, hiyo haifanani na nyingine.

Ukishaona, badilisha saa MOJA tu. Wengi huharibu hapa. Mtu anaandika ratiba ya kuanzia saa kumi alfajiri mpaka saa nne usiku, inakwenda siku tatu, ya nne mtoto anaugua homa, ratiba inatupwa yote. Saa moja iliyoshikwa mwezi mzima ina faida kuliko ukurasa mzuri uliobandikwa ukutani.

Haya, karibuni mchangie.

---

DerevaTuktuk_Ngala aliandika:

Mzee hesabu yako ni ya mtu wa duka. Tuktuk haina saa 9. Pesa za siku za mwenye gari zisipotimia, huwezi kuegesha. Sisi tukomboe nini?

---

MzeeWaKanisa_Barani aliandika:

Ndugu, swali lako ni zuri kuliko mada yangu. Wewe wakati wako haupotei kwa saa, unapotea kwa dakika kumi kumi pale steji. Huwezi kuziunganisha ziwe kitu kimoja, kwa hivyo zipe kazi inayoingia katika dakika kumi. Andika mstari mmoja wa Biblia kwenye karatasi ngumu, ubandike karibu na kioo, wiki nzima mstari huohuo. Mwaka una mistari 52. Ukiwa umeegesha, unausema kimoyomoyo. Kusikiliza Biblia ya sauti wakati wa kuendesha, hapana; barabara ya Lamu ina bodaboda wanaotokea kila upande.

La pili, asubuhi na jioni ndio wakati wa abiria. Mchana jua likiwa kali steji hulala. Ukikaa pale kuanzia saa saba hadi saa tisa ukingoja abiria ambao hawapo, umelipa muda na hukupata pesa. Nenda nyumbani, kula na watoto, rudi saa tisa na nusu. Kumi na mbili jioni utakuwa bado una nguvu.

---

Mama_Jumuiya aliandika:

Niongeze upande wa sala. Wakatoliki tuna utaratibu wa zamani unaomfaa mtu wa kazi: Malaika wa Bwana, saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni. Kila moja haizidi dakika tatu. Danieli naye alipiga magoti mara tatu kwa siku (Danieli 6:10), na alikuwa mtu wa ofisi ya serikali, tena kubwa.

Sisi wa hapa tumerahisishiwa. Malindi iko kama nyuzi 3 kusini mwa ikweta, mchana na usiku karibu zinalingana mwaka mzima, kwa hivyo saa ya kuamka haihamihami. Saa za Biblia nazo ni zetu: Yesu aliketi kisimani kama saa sita, jua la utosi, na vibarua wa mwisho waliitwa saa kumi na moja, jioni ikiwa imeshaingia (Yohana 4, Mathayo 20). Na ukikaa karibu na msikiti, adhana ya alfajiri inakuamsha bure kabla hata simu haijalia. Jirani anaamka kuswali, wewe unageukia upande wa pili wa mto?

Kinachoharibu sala ya asubuhi mara nyingi ni usiku. Anayelala saa sita usiku hawezi kuamka saa kumi na moja kwa siku nyingi mfululizo, na akiamka atasinzia kwenye rozari. Ukitaka asubuhi, irudishe nyuma saa ya kulala kwa dakika 15 kila wiki. Wiki ya nne umeshapata saa nzima bila vita na mwili.

---

Mwana_wa_Ganda aliandika:

Na kusoma Biblia nzima kwa mwaka? Kila Januari watu huanza, Machi kimya.

---

MwalimuJumapili aliandika:

Wanakwama kwenye Mambo ya Walawi, si siri.

Hesabu iko hivi. Biblia (vitabu 66) ina sura 1,189. Sura 3 kila siku ya kazi na 5 Jumapili ni 23 kwa wiki, mara 52 ni 1,196. Unamaliza na sura 7 za ziada. Sura moja ya wastani ni dakika 4 au 5 kwa kusoma kimya, kwa hivyo ni robo saa kwa siku.

Kwa anayeanza, mimi sipendekezi hiyo. Agano Jipya lina sura 260. Sura moja Jumatatu mpaka Ijumaa ni 260 kamili kwa mwaka, na Jumamosi na Jumapili zinabaki za kulipa madeni ya wiki. Mpango usio na siku ya kulipa deni hufa siku ya kwanza ukikosa. Ukitaka hekima ya maisha ya kila siku, Mithali ina sura 31, soma inayolingana na tarehe. Leo tarehe 14, soma ya 14. Huhitaji alama ya ukurasa.

Somea Biblia ya karatasi. Ya kwenye simu ni ile ile, lakini kabla hujafika Luka umeshaona ujumbe wa kikundi cha harusi.

---

FundiSimu_Shella aliandika:

Hapo kwenye simu nimefika kwangu.

Simu nyingi za siku hizi zina sehemu kwenye mipangilio inayoonyesha muda uliotumia kwa kila programu, na mara ngapi umefungua simu kwa siku. Angalieni kabla ya kubisha. Saa 3 kwa siku ni 21 kwa wiki, na Mzee amesema mna 33 na nusu tu. Sehemu hiyohiyo unaweka kikomo: programu ikifika dakika 40 inafungwa hadi usiku wa manane. Kikomo kikubwa kuliko saa moja hakisaidii, na kidogo kuliko dakika 20 utakizima mwenyewe.

Vikundi vya kanisa ni tatizo jingine. Kikundi cha matangazo kiwekwe viongozi pekee ndio wanaotuma. Maombi ya mgonjwa yawe na kikundi chake. Mkichanganya, mtu anafungua kwa ajili ya tangazo la Jumapili anakutana na jumbe 140 za "Amina" na picha za maua, anatoka nusu saa baadaye na tangazo hakuliona.

Simu ilale nje ya chumba. Saa ya mezani ya kengele inapatikana sokoni, si ghali.

---

Katibu_wa_Ushirika aliandika:

Wote mnasema habari za mtu mmoja mmoja. Mwizi mkubwa wa wakati wa Mkristo wa hapa ni kanisa lenyewe, na naomba nisipigwe mawe.

Mkutano umetangazwa saa nane. Watu 40 wamefika. Mwenyekiti anasema tungoje kidogo wengine wako njiani, mnaanza saa tisa kasorobo. Dakika 45 mara watu 40 ni dakika 1,800, yaani saa 30. Hiyo ni zaidi ya siku nzima ya mtu, imekwenda tu, na tumefungua kwa sala kana kwamba hakuna kilichotokea. Kisha atatokea mtu aseme haraka haraka haina baraka. Nani amesema kuwahi ni haraka?

Chanzo ni kwamba aliyewahi ndiye anayeadhibiwa na aliyechelewa ndiye anayengojwa. Wiki mbili tu zinatosha kumfundisha aliyewahi achelewe. Dawa yake:

Anzeni kwa saa iliyotajwa hata mkiwa wawili. Kitu cha kwanza kiwe cha maana, si nyimbo za kujaza muda. Kura ya pesa, majina ya watakaosafiri, au chai iwe dakika kumi za mwanzo. Tangazeni saa ya kumaliza pia, na mwenye zamu ya kuangalia saa awe na ruhusa ya kumkatiza hata mchungaji. Aliyechelewa asirudiwe kusimuliwa, atasoma kumbukumbu.

Mwezi wa kwanza kutakuwa na manung'uniko. Wa tatu watu wanafika.

Na kesha. Kesha la kila Ijumaa kwa watu wanaofungua maduka Jumamosi ni kuwaibia usingizi wao, na waajiri na wateja wao ndio wanaoumia. Mara moja kwa mwezi, saa tatu usiku hadi saa sita, linatosha kwa wengi. Linalofika alfajiri liwekwe mkesha wa siku ya mapumziko.

---

Bi_Mekatilili_Mjukuu aliandika:

Katibu, saa 30 nimezielewa. Lakini angalieni msije mkafanya watu wawe ratiba. Kwetu mtu ni watu. Matanga ya jirani utayaandika kwenye lile daftari la saa kama nini, kazi au kupoteza?

---

Katibu_wa_Ushirika aliandika:

Mama, matanga si kupoteza. Yanayopoteza ni usiku wa muziki na pombe unaoitwa matanga.

Ukitaka kumfaa mfiwa, kuna siku tatu zenye kazi. Siku ya taarifa: fika mara moja, peleka maji na kuni, kwa sababu nyumba itajaa watu na hakuna aliyejiandaa. Siku ya mazishi: kaa mpaka mwisho. Na wiki ya tatu hivi baada ya mazishi, wageni wameondoka na madeni yamebaki: nenda na unga, kaa saa moja, msikilize. Hii ya tatu ndiyo tunayoiruka, kwa sababu hakuna anayetuona. Usiku wa katikati gawaneni zamu, familia mbili mbili, si kijiji kizima kila usiku ilhali watoto wanakwenda shule bila kulala.

---

Bi_Mekatilili_Mjukuu aliandika:

Hiyo ya wiki ya tatu naikubali bila ubishi.

---

Zamu_ya_Hoteli aliandika:

Na sisi wa mahoteli? Msimu ukiwa juu Jumapili hakuna.

---

Wakili_Mdogo_Watamu aliandika:

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 27, inampa mwajiriwa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Haisemi iwe Jumapili. Kwa hivyo siku unayo kwa haki, Jumapili unaiomba kwa adabu, na unaiomba kabla ratiba ya zamu haijabandikwa. Ikishabandikwa unaomba mwenzako aumie.

Ombi linalokubalika ni la kubadilishana: "Jumapili mbili kwa mwezi nitoke, na sikukuu ya Idi nishike zamu ya mwenzangu Mwislamu." Malindi hilo linawezekana kuliko miji mingi. Jumapili ya zamu ya asubuhi tafuta misa au ibada ya jioni, au ya Jumamosi jioni kwa Wakatoliki. Likizo ya mwaka, siku 21 za kazi, usiiombe Desemba ukategemea kupewa. Omba Mei.

Na siku ya mapumziko ipumzike kweli. Aliyefua, akalima, akazunguka vikao vitatu siku hiyo amefanya kazi siku saba.

---

Kijana_Maweni aliandika:

Swali gumu kidogo. Paulo anasema "zamani hizi ni za uovu." Kuna wanaotwambia basi shule ya nini, kazi ya nini, Bwana yu karibu.

---

MzeeWaKanisa_Barani aliandika:

Kijana, sisi wa Malindi hatuna ruhusa ya kulijibu hili kwa mzaha. Shakahola iko upande wetu huu wa kaunti ya Kilifi. Tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kwenye msitu ule, wakiwamo watoto wengi, watu walioambiwa wafunge mpaka wafe wakutane na Bwana.

Tazama Paulo mwenyewe alivyofanya. Thesalonike walikuwapo watu walioacha kazi, na mafundisho ya kwamba siku ya Bwana imeshafika yalikuwa yakizunguka palepale. Hakuwaambia wafungashe. Aliwaambia watulie, wafanye shughuli zao kwa mikono yao wenyewe, na asiyetaka kufanya kazi asile (1 Wathesalonike 4:11, 2 Wathesalonike 3:10). Na huo mstari wako wa Efeso, usiukate pale. Endelea: mstari wa 18 anataja ulevi, 19 nyimbo, 20 shukrani, kisha mke na mume, watoto, watumwa na mabwana zao. Siku zikiwa mbaya, anakurudisha nyumbani na kazini. Na aliyaandika akiwa katika minyororo, si mtu aliyekuwa na nafasi ya kutosha.

Kwa hivyo mhubiri akikwambia utoe mtoto shule, uache dawa, uuze shamba, uhamie msituni, ukate ndugu zako, ondoka siku hiyohiyo na umjulishe chifu au polisi. Usingoje ukamilishe mafunzo uone yanakoelekea.

Kuhusu kufunga kwa kawaida: alfajiri hadi jioni, maji yanywewe, hasa miezi ya joto la kaskazi. Watoto, wajawazito, wanaonyonyesha, wenye kisukari, wanaotumia dawa za kifua kikuu au za virusi wasifunge chakula. Wafunge simu au maneno. Bila maji mwili hauvuki siku chache, na joto la kwetu linazipunguza. Hakuna aya inayoweza kubadilisha hilo.

---

Kijana_Maweni aliandika:

Asante mzee. Na hapo kwenye mstari wa 18, mangweni kwenye pombe ya mnazi?

---

MwalimuJumapili aliandika:

Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, kwa hivyo mangwe huwa na kitu kipya mara mbili kwa siku. Anayekwenda jioni "kidogo tu" kuanzia saa kumi na moja hadi saa mbili, siku tano, ni saa 15 kwa wiki, karibu nusu ya zile 33. Sijagusa pesa. Kumwambia aache bila kumpa pa kwenda saa kumi na moja ni maneno matupu. Mpira, kwaya, darasa la ufundi, viwekwe saa hiyohiyo, si saa mbili usiku akiwa ameshakunywa.

---

Nahodha_Mdogo aliandika:

Mmesahau bahari. Wavuvi na wale wa pweza wanahesabiwa ni wavivu wa ibada, kumbe ibada imewekwa saa ya maji.

Siku za bamvua, yaani maji makubwa, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji ya huku hutoka kabisa kama saa nne au tano asubuhi. Anayekwenda mwambani kwa miguu anaanza kushuka saa mbili au saa tatu, anarudi maji yakianza kujaa. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Bamvua hurudi baada ya siku 14 au 15, basi likianguka Jumapili hii, Jumapili ya wiki mbili mbele nayo imo. Ibada ya saa nne Jumapili hiyo inamwambia mtu achague kati ya kanisa na chakula cha wiki.

---

Katibu_wa_Ushirika aliandika:

Sasa hiyo ndiyo taarifa. Kwa hiyo tusogeze mpaka saa ngapi?

---

Nahodha_Mdogo aliandika:

Alfajiri: saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili kasorobo, mahubiri dakika 25. Jioni inafaa pia, lakini isiwe kabla ya saa kumi, kwa sababu pweza lazima auzwe akiwa mbichi na mnunuzi hamngojei mtu amalize zaburi. Jumapili za maji mafu, yaani maji madogo kati ya bamvua na bamvua, rudini saa nne yenu.

Na semina za mwaka msiziweke Agosti wala Desemba, watu wa mahoteli hamtawaona. Aprili na Mei wakulima wa Ganda na Kakuyuni wanapanda na kupalilia mahindi ya masika. Katikati ya Juni upepo wa kusi umekaza, mashua ndogo nyingi ziko nchi kavu, palizi imepungua, mahoteli hayajajaa. Wiki mbili hizo karibu kila mtu yupo.

---

Mama_Jumuiya aliandika:

Tarehe za bamvua nani atazitoa? Tusije tukatangaziana kwa kubahatisha.

---

Nahodha_Mdogo aliandika:

Jedwali la maji huchapishwa kwa mwaka mzima. Bandari ya rejea huku kwetu ni Kilindini, Mombasa, na saa za Malindi hazitofautiani nayo sana. Katibu achukue Jumapili zote 52, aweke alama zile zilizo ndani ya siku tatu za mwezi mwandamo au mwezi mpevu, abandike mlangoni Januari. Atakayebisha ashuke ufuoni saa nne aangalie.